Jina la Mtu Halina Kosa

Ndugu wanachama, jambo nitakalolisema leo laweza kuonekana dogo mbele ya mambo ya ardhi, bei ya mazao na upungufu wa walimu, ambayo ndiyo yanayojaza kurasa za gazeti letu kila juma. Lakini nimeona kwa macho yangu jambo hili dogo likitunyang'anya kiongozi mwema mchana kweupe, na kwa sababu hiyo naona si haki kulinyamazia.

Mwezi uliopita nilikwenda kusimamia uchaguzi wa tawi moja katika eneo langu la kazi. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa cha mtunza hazina. Mzee mmoja akasimama, akapendekeza jina la mkulima ambaye kila mtu pale anamfahamu. Mkulima huyo alishika fedha za chama cha ushirika kwa miaka sita, na siku alipokabidhi vitabu hesabu zilikutwa kamili. Jina lake ni Shida.

Mara jina lilipotajwa, vijana waliokaa nyuma wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Tukimkabidhi Shida hazina, fedha itapatikana wapi?" Mwingine akadakia, "Na mitaani tutapita tukisema nini? Chagueni Shida?" Kicheko kikaenea mpaka kwa wazee. Ndugu Shida akasimama, kofia yake mkononi, akasema kwa upole, "Ndugu Mwenyekiti, naomba jina langu liondolewe." Akakaa. Jina likaondolewa, tukamchagua mtu mwingine.

Sina neno juu ya huyo tuliyemchagua. Na afanye kazi, tumwone. Neno langu ni juu yetu sisi tuliokuwamo katika chumba kile. Mimi nilikaa meza ya mbele, kengele ya mkutano iko karibu na mkono wangu, nisiigonge. Na nitasema kweli yote: nilikuwa nimeinua karatasi ya ajenda mbele ya uso ili watu wasione kuwa nami natabasamu.

Aibu yangu ni kubwa zaidi kuliko ya wale vijana, kwani mimi nilikwisha fundishwa somo hili zamani, na aliyenifundisha hakuwa mkufunzi wa chuo.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi moja ya kijijini. Nilikabidhiwa darasa la tatu pamoja na daftari lake la mahudhurio. Daftari lilikuwa limechakaa, nami nikaambiwa niandike jipya kwa mwandiko mzuri. Katika kunakili nikafika kwa mtoto wa kike aitwaye Tabu. Kalamu ikasimama. Nikasema moyoni, mtoto huyu amekosa nini hata abebe mzigo kama huu maisha yake yote? Nikaandika Tumaini. Sikumwuliza mtu. Nilijiona nimetenda wema mkubwa, na kesho yake asubuhi nikamwambia yule mtoto mbele ya wenzake, "Kuanzia leo wewe unaitwa Tumaini." Hakujibu neno.

Nikaita majina. "Tumaini!" Kimya. Mtoto ameketi dawati la pili, ananitazama, wala haitiki. Nikasema atazoea, nikamwandika hayupo. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Siku nne nilimwandika hayupo mtoto aliyekuwapo mbele ya macho yangu. Mwisho wa juma mwalimu mkuu alikagua daftari, akaona mtoto mmoja hana hata siku moja ya mahudhurio, akatuma habari kwa mzazi.

Jumatatu mama yake akaja, mtoto mchanga mgongoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Kisha akasema, "Nimeambiwa mwanangu haji shule. Mimi kila asubuhi namwona akitoka na daftari lake, na jioni anarudi na vumbi la chaki kwenye sare. Nimekuja kuuliza, huwa anakwenda wapi?"

Nikamweleza kwamba mtoto huja, ila haitikii jina lake jipya. Nikamweleza na sababu ya jina jipya, tena kwa kujisifu kidogo. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema:

"Huyo Tumaini mimi simjui. Mimi nilimzaa Tabu. Mwaka ule mvua ilikatika, mume wangu alikwenda mbali kutafuta kibarua, nami nilijifungua peke yangu na mama mkwe, ndani ya nyumba hamna hata unga wa uji. Waliomtangulia huyu wawili walikuwa wamekufa. Huyu akaishi. Nikamwita Tabu kwa kuwa tabu niliiona, nikaishinda, na yeye ndiye shahidi wangu. Sasa wewe, mwalimu, umemfuta shahidi wangu, wala hukuniuliza."

Nilikosa la kusema. Nikachukua rula, nikapiga mstari juu ya jina la Tumaini, nikaandika Tabu, nikarudisha na siku zake nne za mahudhurio. Nilipoita majina asubuhi iliyofuata aliitika kwa sauti iliyosikika mpaka darasa la jirani.

Nimejiuliza mara nyingi, kalamu yangu ilisimama kwa nini? Yule mtoto nilikuwa simjui bado. Hakunitendea jambo, zuri wala baya. Nilipoitafuta sababu nikaikuta kijijini kwetu, katika miaka ya utoto wangu. Palikuwapo bibi mmoja mzee aliyekaa karibu na kisima, akiteka maji na kuwapelekea watu kwa ujira mdogo. Naye aliitwa Tabu. Sisi watoto tulipomwona anakuja na ndoo kichwani tulikuwa tukipiga kelele, "Jamani, tabu hiyo inakuja!" kisha tukakimbia tukicheka. Hakuwahi kutufukuza wala kutushtaki kwa wazazi wetu. Basi kila niliposikia jina hilo nilimwona yeye, na mgongo wake uliopinda, na ile ndoo. Niliyemfuta katika daftari la shule alikuwa yule bibi wa kisimani, naye mtoto wa watu akalipa deni lisilo lake.

Likizo ilipofika nilimsimulia mama yangu habari hii. Aliniangalia kwa muda, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Nilipozaliwa mimi yeye aliugua, asiweze kwenda kisimani, na yule Bibi Tabu alituletea maji nyumbani kila siku mpaka mama aliposimama tena, wala hakudai malipo. Maji niliyoogeshwa kwanza hapa duniani yaliletwa na mikono ya yule niliyemkimbia nikipiga kelele. Wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Radhi yake sitaipata tena.

Ndugu msomaji, ndivyo yalivyo majina. Kila mmoja wetu ana majina yake anayoyapenda bila sababu na mengine anayoyachukia bila sababu. Huyu alipigwa na mwalimu aitwaye fulani, basi hataki kulisikia jina hilo. Yule alilelewa na shangazi aitwaye fulani, basi kila mwenye jina hilo humwona mwema kabla hajafungua kinywa. Hilo ni la kibinadamu, wala si dhambi. Dhambi huanza pale tunapotoa hukumu. Mtu akinyimwa kazi, kiti, au hata salamu kwa sababu ya lile tunalolikumbuka sisi, huko ni kumhukumu mtu kwa kesi ya mwingine.

Yafaa pia tufahamu majina haya yametoka wapi. Wazazi wetu hawakuokota majina njiani. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, pacha anayezaliwa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto. Kwa Wajaluo, mtoto aliyezaliwa usiku ni Otieno akiwa wa kiume na Atieno akiwa wa kike. Pwani na bara twasikia Chausiku, Masika, Juma, Tatu. Jina lilikuwa ndicho cheti cha kuzaliwa katika nchi ambayo mtu wa kawaida hakuwa na karatasi wala karani. Na kama cheti kinavyoandika kweli, hata majina nayo yaliandika kweli. Mwaka ukiwa wa njaa, mtoto huitwa kwa njaa ile. Nyumba ikiwa na msiba, mtoto hubeba habari za msiba ule. Ndiko walikotoka kina Mashaka, Masumbuko, Matatizo, Sikitu, Tabu na Shida. Haya si matusi. Ni historia yetu iliyoandikwa na watu ambao hawakufundishwa kuandika, na wengi wao walikuwa akina mama.

Wako watakaosema, "Sawa, lakini jina la balaa haliwezi kumfaa kiongozi." Hao nitawajibu kwa jambo moja tu. Katika ofisi ya tawi lile lile lililomcheka Ndugu Shida, ukutani juu ya meza, imetundikwa picha ya Mwalimu. Baba yake Mwalimu, mtemi wa Wazanaki kule Butiama, alizaliwa wakati nchi imevamiwa na viwavi wanaokula mimea. Wazee wakamwita kwa balaa hilo. Nyerere, kwa Kizanaki, ni kiwavi. Mwanawe alizaliwa mwaka 1922, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, na alipobatizwa mwaka 1943 akapata jina la Julius. Majina yote matatu akayabeba. Hakulificha la mvua kwa kuwa ni la kizamani, wala hakulitupa la baba yake kwa kuwa ni la mdudu mharibifu. Akalichukua jina la viwavi mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 1961 Tanganyika ikapata uhuru wake likiwa ndilo jina la Waziri Mkuu wake.

Haya, ndugu zangu mliocheka, niambieni. Kama siku ile wananchi wangalisema, "Hatuwezi kumfuata mtu aitwaye Kiwavi, wakoloni watatucheka," leo tungelikuwa wapi? Wazee wetu walijua kulitazama jina, kisha wakalipita, wakamtazama mtu.

Sasa nirudi kwenye kalamu, maana pamoja na kicheko kuna na jambo la pili. Kalamu niliyoishika darasani ni kalamu ya zamani sana katika Afrika. Mwenye nguvu amekuwa akimpa jina mnyonge na kuiona kuwa ni hisani. Mzee Mandela alizaliwa mwaka 1918 akaitwa Rolihlahla, yaani avutaye tawi la mti, na kwa maneno ya mtaani, mtukutu. Alipoingia shule kule Qunu akiwa mtoto wa miaka saba, mwalimu wake siku ya kwanza alimwambia kuwa tangu leo jina lake ni Nelson. Mwalimu huyo alikuwa Mwafrika, wala hakuwa na nia mbaya, kama mimi nisivyokuwa na nia mbaya. Alifuata desturi ya shule za wakati ule. Na hapo ndipo penye somo. Haihitajiki chuki ili kumfuta mtu. Yatosha kalamu, na moyo usiouliza.

Katika pwani yetu jambo hili lilikuwa baya zaidi. Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880, alizaliwa mtoto wa kike katika hali ya utumwa, na jina aliloitwa likawa lilo hilo, Mtumwa. Alikua akitembeza vyungu alivyovifinyanga mama yake. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba, na mjini akapata jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 sauti yake ilichukuliwa katika sahani za santuri kule Bombay, naye hata leo twamjua kuwa Siti binti Saad. Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Hapa msomaji aweza kunishika. Atasema, "Wewe watuambia majina ya shida ni historia, yasifutwe. Mbona Siti aliliacha la Mtumwa nawe wamsifu?" Swali ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha maneno yangu. Jina la Tabu lilitolewa na mama akishuhudia alichokishinda. Jina la Mtumwa lilimtangaza mtu kuwa mali ya mwenziwe. Na zaidi ya hayo, Siti alipolipokea jina jipya, mwenye jina alikuwa yeye. Hakuna karani aliyemfuta kimya kimya, wala mwalimu aliyemwandika hayupo. Mwenye jina akitaka kulibadili, alibadili, na sisi tumwite atakavyo. Akitaka kulishika, alishike. Asiye na haki ni yule wa tatu, mwenye kalamu tu.

Wala tusidhani kosa hili ni la mzungu na bwana wa watumwa peke yao. Sisi wazalendo nasi twaweza kulitenda, tena kwa jina la Afrika. Mwaka 1972, katika nchi ya Zaire, Mobutu aliamuru wananchi waache majina ya ubatizo ya Kizungu na kuchukua ya Kiafrika, na padri ambaye angembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo. Kuyapenda majina yetu ni jambo jema, nami nawaomba wazazi wasiyaonee haya. Lakini mtu aliyeitwa Yosefu na mama yake tangu utoto, akaambiwa na serikali kwamba jina hilo sasa ni kosa, amefutwa vile vile kama Rolihlahla alivyofutwa. Uhuru wa nchi usiomwachia mtu hata jina lake una kasoro kubwa.

Basi, ndugu wanachama, tufanye nini? Nawaomba makatibu wa matawi mambo matatu, wala hayahitaji fedha.

La kwanza, unapoandika kadi ya mwanachama, mwulize mwenyewe jina lake, umsomee ulichoandika, umwulize kama ndivyo. Usimwongezee herufi, usimpunguzie, usimtafutie jina ulionalo zuri. Herufi moja iliyokosewa katika kadi yaweza kumsumbua mtu mpaka uzeeni, kila mahali anapotakiwa kuthibitisha kuwa yeye ndiye yeye.

La pili, katika mikutano, jina la mtu litajwe kwa sauti ya heshima, nalo litanguliwe na Ndugu, Mzee, Mama au Bibi kama adabu zetu zinavyotaka. Mwenye kucheka jina la mwenziwe aambiwe palepale atulie, hata akiwa mzaha wake umewapendeza watu. Chama chetu kimejengwa juu ya neno kwamba binadamu wote ni sawa. Hatuwezi kulisema neno hilo jukwaani, kisha tukamfukuza mtu kitini kwa sababu ya mwaka wa njaa aliozaliwa.

La tatu ni kwa walimu wenzangu. Watoto huchekana, ndiyo desturi yao, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini mwalimu aweza kuigeuza siku moja kuwa somo. Kila mtoto aende nyumbani akaulize maana ya jina lake, ni nani aliyempa, na mwaka ule kulikuwa na nini. Kesho yake wasimuliane. Darasa litajifunza historia ya kijiji chao kwa asubuhi moja, na yule mwenye jina la kuchekwa huenda ndiye atakayekuwa na habari kubwa kuliko zote.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hawakusema jina tamu. Ubora wa jina huletwa na mwenye jina kwa matendo yake, na Ndugu Shida alikwisha ulipa ubora huo kwa miaka sita ya hesabu safi.

Juma lililopita nilimfuata shambani kwake. Nilimkuta akipalilia mihogo. Nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa ajili ya kengele nisiyoigonga na karatasi niliyojifichia uso. Akaegemea jembe, akasema, "Usijali, kijana wangu. Mimi nimezoea." Neno hilo lilinichoma, kwani lilinikumbusha yale niliyosema juu ya yule mtoto wa darasa la tatu, kuwa atazoea. Mtoto yule alikataa kuzoea. Mzee huyu tumemzoesha sisi, kicheko kwa kicheko, kwa zaidi ya miaka hamsini.

Nikamwomba akubali jina lake lipendekezwe tena uchaguzi utakaporudi. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alisema atafikiri. Nami sina haki ya kumharakisha. Lakini wanachama wa tawi lile wajue mapema: akikubali, nitakuwapo, na kengele nitaigonga.